Neno refu la Kiingereza: mwongozo kamili wa kulichambua kwa kufuata herufi zake

Wengi wetu tulifundishwa njia moja tu ya kukabiliana na maneno marefu ya Kiingereza: kariri. Mwanafunzi wa uuguzi anaingia kwenye chumba cha mtihani na orodha ya maneno kichwani, na akikutana na lile ambalo halikuwa kwenye orodha, anakwama. Naamini kwa dhati kwamba njia hiyo inawarudisha nyuma watu wenye akili nzuri kabisa. Maneno ya namna hiyo, karibu yote, yamejengwa kwa vipande vifupi vinavyojirudia, na mwenye kuvijua vipande hivyo husoma hata neno ambalo hajawahi kuliona.

Tena msemaji wa Kiswahili yuko mbele kabla hata hajaanza. Tazama kitenzi "hatukuwasomeshea". Kuna ukanushi, kuna nafsi, kuna wakati uliopita, kuna mtendwa, kuna mzizi "som", halafu kusababisha, kutendea na kiishio. Hakuna aliyekukaririsha neno hilo, na sekondari mwalimu alikupa kalamu ulikate mofimu kwa mofimu. Ujuzi uleule ndio unaotakiwa hapa.

Mifano yangu mingi inatoka hospitalini. Huko ndiko neno refu linakomfikia mtu ambaye hakulitafuta, limeandikwa kwenye karatasi ya majibu au kwenye fomu ya kuridhia upasuaji, na anatakiwa aweke sahihi. Kulielewa neno hakumfanyi mtu kuwa daktari, lakini humwezesha kumuuliza daktari swali la maana.

Hatua ya 1: Tazama herufi zinazotaja asili

Kabla ya kutafuta maana, tafuta herufi zilizokaa kwa namna ya ajabu. Warumi walipochukua maneno ya Kigiriki, walikuta sauti ambazo alfabeti yao haikuwa nazo, wakaziandika kwa jozi za herufi: ph, ch, th na rh. Irabu moja ya Kigiriki wakaiandikia y. Kiingereza kikarithi tahajia hizo na kuziacha jinsi zilivyo hata pale matamshi yalipobadilika. Kwa hiyo ukiona ph inayosomeka f, au ch inayosomeka k, au y iliyokaa katikati ya neno kama irabu, una karibu uhakika kwamba neno hilo lina damu ya Kigiriki, na utalichambua kwa vipande vya Kigiriki.

Alama nyingine ni konsonanti mbili za mwanzo ambazo mdomo wa Mwingereza hauziwezi, kwa hiyo anaimeza ya kwanza. "Pneumonia" ina pn, na maana yake inahusu mapafu. "Psychology" ina ps, nayo inahusu nafsi na akili. "Mnemonic" ina mn, ni mbinu ya kusaidia kumbukumbu. "Pterodactyl" ina pt: bawa na kidole, jina la mnyama wa kale aliyeruka kwa bawa lililoshikwa na kidole kimoja kirefu. Kiswahili kilipoyapokea mengine ya maneno haya kilifuata sikio, ndiyo maana tunaandika nimonia na saikolojia bila ile p. Tahajia yetu ni rahisi kusoma, ila imefuta alama ya njia. Ukitaka kuiona alama hiyo, rudi kwenye tahajia ya Kiingereza.

Jozi ninayoipenda kuliko zote ni rrh. Ni nadra, na karibu kila ilipo kuna kitu kinachotiririka au kinachobubujika. "Diarrhoea" ni kuhara, yaani kutiririka kupitia. "Gonorrhoea" ni kisonono. "Haemorrhage" ni kuvuja damu kwa wingi, na hapo mzizi ni wa kupasuka. "Dysmenorrhoea" ni maumivu ya hedhi: dys ni taabu, men ni mwezi, rrhoea ni mtiririko. Mgiriki aliita hedhi kwa jina la mwezi, na sisi tunasema mwanamke ameingia mwezini. Ukijua rrh peke yake, tayari umepata nusu ya maana ya maneno hayo manne.

Tahadhari mbili hapa. Ya kwanza, wapo wasomi wa Ulaya waliochomeka herufi kwa kudhani. "Ptarmigan", ndege wa milima yenye theluji, ni neno la Kigaeli cha Uskoti lisilo na p. Aliyeliongezea p alidhani linatokana na neno la Kigiriki la bawa. Ya pili inatuhusu sisi wenyewe. "Chikungunya" ina ch, ina y, imo kwenye vitabu vya tiba vya dunia nzima, na haina hata chembe ya Kigiriki. Ni Kimakonde. Ugonjwa huo ulitambuliwa katika mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na jina linaeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Ndugu yake "o'nyong-nyong" ni Kiacholi, kutoka kaskazini mwa Uganda mwaka 1959. Ukimwona mtu anahangaika kutafuta mizizi ya Kigiriki ndani ya chikungunya, mwelekeze Newala.

Hatua ya 2: Anza na mkia

Hapa ndipo penye siri kubwa ya kazi yote. Neno la kitaalamu la Kiingereza huweka jambo lenyewe mwishoni na maelezo yake mbele. Kiswahili hufanya kinyume: tunataja kitu kwanza, ndipo tunakieleza. Kwa hiyo ukianza kusoma kutoka kulia, sentensi ya Kiswahili inajitokeza yenyewe. "Gastritis" ukiisoma kutoka mkiani ni "kuvimba kwa tumbo". Hujapanga upya chochote.

Mikia ya kuanza nayo ni hii.

-itis ni kuvimba kwa kuugua: sehemu inawaka, inauma, inakuwa nyekundu. "Hepatitis" ni ya ini, "nephritis" ya figo, "tonsillitis" ya mafindofindo, "meningitis" ya utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema homa ya ini na homa ya uti wa mgongo, majina mazuri, lakini hayaonyeshi kwamba magonjwa haya yana mkia mmoja.

-oma ni uvimbe unaoota, yaani nyama iliyozidi. Nakuomba usimame hapa kidogo. Kiswahili kinatumia neno uvimbe kwa mambo yote mawili, -itis na -oma, na nimeshuhudia familia zikilia kwa sababu ya neno lililoishia na -itis, wakidhani wameambiwa saratani. Kinyume chake pia hutokea. Basi tazama mkia kwanza. Hata -oma si lazima iwe saratani: "myoma" ni uvimbe wa misuli, na ule wa kwenye mji wa mimba kwa kawaida si saratani, wakati "carcinoma" ni saratani kweli. Na yapo yaliyokaa kando ya kanuni: "trachoma" ni ugonjwa wa macho wa kuambukiza, "glaucoma" ni presha ya macho, "haematoma" ni damu iliyojikusanya mahali pamoja chini ya ngozi au ndani zaidi.

-ectomy ni kukata na kuondoa. -otomy ni kukata au kufungua tu. -ostomy ni kufungua tundu litakalobaki wazi. Herufi moja au mbili zinatofautisha mtu atakayeondolewa kiungo na mtu atakayepasuliwa na kushonwa, kwa hiyo kwenye fomu ya kuridhia soma herufi kwa herufi. "Colectomy" ni kuondoa utumbo mpana au sehemu yake. "Colostomy" ni kuutoa utumbo huo kwenye tundu la tumboni ili choo kipitie hapo.

-aemia ni hali ya damu. -uria ni ya mkojo. -algia ni maumivu. -plegia ni kupooza. -megaly ni kukua kupita kiasi. -pathy ni ugonjwa kwa jumla. -osis ni hali isiyo ya kawaida, na -iasis mara nyingi ni ugonjwa unaoletwa na vimelea. -scopy ni kutazama kwa chombo, -graphy ni kupiga picha au kuchora, na -gram ni ile picha au mchoro unaokabidhiwa.

Hatua ya 3: Ruka uende kichwani

Baada ya mkia usiingie katikati bado. Nenda mwanzoni, kwa sababu kiambishi awali ndicho kinachogeuza maana. Mpangilio wa kusoma basi ni mkia, kichwa, kiwiliwili. "Hypoglycaemia": mkia -aemia, katika damu, kichwa hypo, chini ya kiwango, katikati glyc, sukari. Damu ina sukari kidogo mno. Badilisha hypo iwe hyper na sukari imezidi. Mgonjwa wa kisukari anaweza kupoteza fahamu kwa hali zote mbili, lakini wa kwanza anahitaji sukari mara moja na wa pili asipewe hata kidogo. Wanafunzi wa uuguzi, hapa naomba muwe wakali na nafsi zenu: hypo yenye o ni chini, hyper yenye er ni juu, na mwandiko wa mkono ukiwa na shaka, uliza.

Pacha wa pili ni anti na ante. Anti ni kupinga: "antibiotic", "antimalarial". Ante ni kabla: "antenatal" ni kabla ya kuzaa, ndiyo kliniki ya wajawazito. "Antiretroviral", ambayo wote tunaijua kwa kifupi cha ARV, ina vipande vitatu: anti ni kupinga, retro ni kurudi nyuma, viral ni ya kirusi. Retro imo kwa sababu kirusi cha aina hiyo hunakili taarifa zake kinyumenyume, kutoka RNA kwenda DNA, kinyume cha mwelekeo wa kawaida wa seli.

Pacha wa tatu ni inter na intra. Inter ni baina ya vitu, kama "international". Intra ni ndani ya kitu: "intravenous" ni ndani ya mshipa, "intramuscular" ni ndani ya msuli. Ndiyo maana kwenye faili la mgonjwa utaona IV na IM pembeni ya jina la dawa.

A peke yake ni kutokuwapo, na ikifuatwa na irabu huwa an. "Anaemia" maana yake halisi ni kukosa damu, ingawa mgonjwa damu anayo ila imepungua nguvu. "Anaesthesia" ni kukosa hisia, yaani ganzi au usingizi wa upasuaji. Dys tumeshakutana nayo, ni taabu au ubaya. Peri ni kuzunguka: "pericarditis" ni kuvimba kwa mfuko unaouzunguka moyo. Tachy ni haraka na brady ni polepole, hivyo "tachycardia" na "bradycardia" zinaeleza moyo unaopiga mbio na moyo unaopiga taratibu.

Hatua ya 4: Kata kiwiliwili kwenye kiungo

Katikati ya neno la Kigiriki mizizi huunganishwa kwa o. Ukiitafuta hiyo o utaona pa kukatia. "Hepatosplenomegaly" inakatika hepat-o-splen-o-megaly: kukua kwa ini na wengu, ambao wengine wanauita bandama. Ni neno linaloandikwa mara kwa mara kwenye mafaili ya huku kwetu, kwa sababu kichocho na malaria ya kujirudia huweza kukuza viungo hivyo.

Kanuni ya o ni nyepesi. Hubaki baina ya mzizi na mzizi. Huanguka mkia unapoanza na irabu. Gastr pamoja na -itis ni "gastritis", bila o. Gastr pamoja na -scopy ni "gastroscopy", na o imerudi. Maneno ya Kilatini hupendelea i badala ya o.

Kukata mahali pasipo sahihi hupoteza maana. "Helicopter" watu hukata heli na copter, wakaunda maneno mapya juu ya msingi huo. Kiungo halisi kipo kwingine: helic-o-pter, mzunguko wa skrubu na bawa. Ile pt ya pterodactyl imejificha humo, na safari hii p inasikika kwa sababu haiko mwanzoni.

Kichocho chenyewe kinaitwa "schistosomiasis", herufi 15. Schist ni kupasuka, som ni mwili, -iasis ni ugonjwa wa vimelea. Mwili uliopasuka ni wa mdudu: dume lina mfereji mwilini, na jike hukaa ndani ya mfereji huo. Ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o unaitwa "trypanosomiasis", nao una herufi 15. Trypan ni keekee ya kutobolea mbao, som ni mwili uleule, na mkia ni uleule. Ukijua neno moja kati ya haya mawili, la pili limebakiza kipande kimoja tu.

Sasa chukua kubwa: "oesophagogastroduodenoscopy", herufi 27. Mkia, -scopy, kutazama. Kisha mizizi mitatu iliyopangwa kwa utaratibu wa chakula kinavyoshuka: umio, tumbo, na mwanzo wa utumbo mwembamba. Ni kipimo cha kutazama njia hiyo kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Duoden yenyewe inatokana na namba 12 ya Kilatini, kwa kuwa wataalamu wa zamani waliipima sehemu hiyo ya utumbo wakaona ni upana wa vidole 12.

Na lile refu kuliko yote kwenye kamusi kubwa za Kiingereza, "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", herufi 45? Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, kwa lengo la kuwa refu. Bado linatii kanuni zote. Mkia -osis, hali ya ugonjwa, coni, vumbi, volcano, volkano, silico, silika, microscopic, la kuonekana kwa hadubini, ultra, kupita kiasi, pneumono, mapafu. Ugonjwa wa vumbi la volkano lenye silika, dogo kupindukia, katika mapafu. Madaktari hawalitumii. Wao huandika "silicosis", ugonjwa wa kweli kabisa unaowapata wachimbaji wa madini na wachonga mawe wanaovuta vumbi miaka mingi bila barakoa, na ningefurahi kuona neno hili fupi linafahamika kwenye machimbo yetu kuliko lile refu linavyofahamika kwenye mashindano ya tahajia.

Hatua ya 5: Neno lisilo na dalili za Kigiriki, limenye pande zote mbili

Maneno marefu ya siasa, sheria na utawala mara nyingi ni ya Kilatini yaliyopitia Kifaransa. Hayana ph wala rh. Yana -tion, -ment, -ity, -able, na mbele yana dis-, un-, in-, counter-. Haya yamenye tabaka kwa tabaka mpaka ufike kwenye kitenzi, kisha yajenge upya kuanzia ndani.

"Antidisestablishmentarianism", herufi 28, ndiyo mfano wa darasani. Ndani kabisa ni "establish", kuweka rasmi. "Disestablish" ni kuuondoa urasmi huo. "Disestablishment" ni tendo lenyewe. "Disestablishmentarian" ni mtu anayelitaka. Ongeza anti na -ism: itikadi ya kupinga kuondolewa kwa urasmi wa kanisa. Lilikuwa suala zito la siasa za Uingereza katika karne ya 19, watu wakibishana kama Kanisa la Anglikana liendelee kuwa kanisa la dola. Kule Ireland hadhi hiyo iliondolewa kwa sheria ya mwaka 1869, na Wales mwaka 1920. Nchini Uingereza yenyewe ipo hadi leo.

In- ndiyo ya kuogopwa katika kundi hili, kwa sababu mara nyingi ni ukanushi, lakini si kila mara. "Inflammable" haina maana ya kitu kisichowaka. Maana yake ni kinachowaka kwa urahisi, sawasawa na "flammable". In- ya hapa ni ya Kilatini yenye maana ya kuingiza, kama kutia moto ndani. Neno hili huandikwa kwenye magari ya mafuta, makopo ya rangi na mitungi ya kemikali. Kama una kijana anayefanya kazi ghalani, gereji au kituo cha mafuta, mfundishe neno hili leo, kabla ya mengine yote.

Waandishi wa programu za kompyuta wana njia yao ya kukwepa urefu: huandika herufi ya kwanza na ya mwisho, na katikati idadi ya herufi zilizoachwa. "Internationalization" huwa i18n na "localization" huwa l10n. Ukikutana na vifupi hivyo ukitafsiri programu, hesabu herufi na utajua ni neno gani.

Hatua ya 6: Jua kwamba tahajia ni mbili

Shule na hospitali zetu hufuata tahajia ya Uingereza, yenye ae na oe: anaemia, haemorrhage, diarrhoea, oesophagus. Wamarekani wameifupisha kuwa e: anemia, hemorrhage, diarrhea, esophagus. Kwa hiyo kile kipimo cha mpira wenye kamera utakikuta kwenye karatasi ya hapa kikiitwa OGD, na kwenye maelezo ya Kimarekani mtandaoni kikiitwa EGD. Ni kitu kimoja. Usilipie mara mbili kwa kudhani ni vipimo tofauti.

Tofauti hiyo ina madhara zaidi kwenye ped. Kwa tahajia ya Uingereza "paediatrics", tiba ya watoto, ina ae na inatokana na neno la Kigiriki la mtoto. "Pedal" na "pedestrian" zina e tupu na zinatokana na neno la Kilatini la mguu. Mmarekani huandika zote kwa e, na hapo inabidi utazame neno zima ndipo ujue ni mtoto au mguu. Vivyo hivyo ECG na EKG: kipimo kimoja cha umeme wa moyo, ila ya pili imeshika k ya Kijerumani.

Hatua ya 7: Vifungu vya maneno

Kanuni ya mkia inafanya kazi hata neno linapokuwa sentensi. "Acute lower respiratory tract infection": anza mwisho. Maambukizi, ya njia, ya kupumulia, ya sehemu ya chini, ya ghafla. "Bilateral pedal oedema": kujaa maji, miguuni, pande zote mbili.

"Acute" na "chronic" huchanganywa sana. Mtu akiambiwa "chronic" hudhani ni kali mno. Maana yake ni ya muda mrefu, sugu, kutoka neno la Kigiriki la wakati. Inaweza kuwa nyepesi kabisa. "Acute" ni iliyoanza ghafla na yenye muda mfupi.

Kwenye vyeti vya dawa vimebaki vifungu vya Kilatini vilivyofupishwa. BD ni mara mbili kwa siku, TDS mara tatu, PRN pale inapohitajika, AC kabla ya chakula na PC baada ya chakula. Ile a ya AC ni ante, ileile ya antenatal. OD kwa wenzetu wanaofuata mtindo wa Uingereza ni mara moja kwa siku, lakini kwa daktari wa macho ni jicho la kulia. Cheti kikikosa maelezo mengine, mfamasia yupo dirishani kwa ajili hiyo, muulize.

Hatua ya 8: Tafuta maneno kwa herufi zake

Mazoezi yanahitaji maneno mengi yenye kipande kimoja. Tovuti ya OneLook, isiyolipiwa, inakuruhusu kutafuta kwa nyota na alama ya kuuliza. Nyota inasimama badala ya herufi zozote, alama ya kuuliza badala ya herufi moja. Andika *rrh* upate yote yenye rrh katikati. Andika *ectomy upate yanayoishia hivyo. Ukiweka nukta mbili na neno la maana, inachuja kwa maana: *itis:liver itakuletea yanayoishia na -itis na yanayohusu ini. Ukipata neno, lifungue kwenye kamusi inayotaja asili, uhakikishe mkato wako.

Daftari lako lipange kwa vipande, ukurasa mmoja kwa kipande kimoja. Ukurasa wa cardi utakusanya cardiology, tachycardia, pericarditis, electrocardiogram. Neno lenye vipande vitatu liandike kwenye kurasa tatu. Inaonekana ni kazi ya kurudia, lakini kurudia huko ndiko kunakofanya kipande kikae kichwani bila kukariri.

Hatua ya 9: Litamke

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huuhamishia tabia hiyo kwa Kiingereza. Mikia mingi ina sheria yake. -logy, -graphy na -tomy husukuma mkazo hadi silabi ya tatu kutoka mwisho. -ic huuvuta kwenye silabi iliyo mbele yake tu. Ndiyo maana "photograph" ni FOtograf, "photography" ni foTOgrafi, na "photographic" ni fotoGRAfik, ingawa mzizi haukubadilika. -itis hutamkwa AItis, hivyo gastritis ni gasTRAItis. -osis ni OUsis. P ya pn humezwa mwanzoni mwa neno tu. Katika "dyspnoea", kupumua kwa taabu, inasikika: dispNIa.

Anza na mkia pekee kwa sauti, kisha ongeza kipande kimoja kimoja ukirudi nyuma: skopi, duodenoskopi, gastroduodenoskopi, mpaka neno zima litoke kwa pumzi moja.